Fremu Imepauka, Haijafa

Na Mwanaidi Shekue

Ingia duka la miwani na fremu ya plastiki iliyopauka, na mara nyingi jibu ni moja: imechoka hiyo, mama, chagua nyingine. Mimi naona tunaharakishwa.

Fremu nyingi nene, hasa zile za madoa ya ng'amba (zamani zilitengenezwa kwa gamba la ng'amba mwenyewe), ni asetati ya selulosi, plastiki inayotokana na nyuzi za pamba au za miti. Kiwandani huchanganywa na kilainishi ili isikatike ovyo. Miaka ikipita, kilainishi hutoka kidogo kidogo, na joto hukiharakisha. Ndio ule utando mweupe kwenye mikono ya miwani, nyuma ya masikio, kwenye jasho na mafuta ya nywele. Ukiwa wa juu juu, fundi huuondoa kwa mashine ya kung'arishia. Tuidai huduma hiyo dukani kama tunavyodai kukaziwa skrubu.

Nyumbani, maji ya uvuguvugu na sabuni laini yanatosha. Ila si kufutia ncha ya khanga kavu, jamani. Vumbi hukwaruza lenzi. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha huyeyusha asetati, isiikaribie kabisa. Na supagluu? Mvuke wake huacha ukungu kwenye lenzi, halafu mkono unang'oka tena Ijumaa.

Kwa joto letu, adui mkubwa ni dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Fremu hulainika, ikapinda, ikapoa hivyo hivyo; jioni mwenyewe anainyoosha kwa nguvu, na hapo ndipo inapokatika. Fundi anayejua kazi huipasha moto kwanza.

Nakubali, ipo isiyookoka. Inuse. Ikitoa harufu ya siki, asetati yenyewe inavunjika, na tindikali inayotoka huchochea uharibifu zaidi. Mwulize fundi kama lenzi zinaweza kuhamishiwa fremu nyingine. Kuifungia hiyo ya siki kwenye kasha ni kuizidishia uharibifu, na ikikaa pamoja na fremu nyingine za asetati, nazo huharibika mapema. Kama ni miwani ya marehemu babu na hamtaki kuitupa, iacheni kivulini penye hewa, mbali na sanduku la negativu za picha zake, maana nazo nyingi ni asetati hiyo hiyo.