Jasho Peke Yake Halikusanyi Watu

Kuanzisha kikundi cha mazoezi si kazi. Kazi ni kukiona kingali hai baada ya miezi sita. Katika mitaa ya Nairobi, na hata huku kwetu Mombasa kwenye ufuo wa Mama Ngina, vikundi vya namna hii huzuka kama uyoga. Wiki ya kwanza waja watu arubaini, fulana mpya na viatu vyeupe. Mwezi wa tatu wamebaki kumi na wawili. Mwezi wa sita ni kiongozi na jirani yake, nao wawili hao hukaa wakiwalaumu waliotoroka kwa uvivu. Neno hilo "uvivu" ndilo nitakalo kulipinga leo.

Tuutazame mtaa wa Kangemi, ulioko magharibi ya Nairobi kando ya barabara ya Waiyaki, baina ya Loresho na Kawangware. Ulimwengu ulilisikia jina la mtaa huu Novemba 2015, Papa Francis alipoutembelea. Wengi wa wakazi wake ni watu wa kujitafutia: mafundi, vibarua wa mijengo, akina mama wa sokoni, mabawabu, na watumishi wa nyumba za matajiri walio jirani. Aliyebeba saruji kutwa hana haja ya kuambiwa akimbie. Lakini yuko fundi cherehani aliyeinamia mashine tangu asubuhi, yuko muuza mboga aketiye kigodani mpaka taa ziwashwe, yuko kijana wa boda boda ambaye miguu yake imesahau kutembea, na yuko bawabu akeshaye kitini. Hao ndio wenye haja na kikundi, na hao ndio wa kwanza kukikimbia.

Wala msomaji asidhani kuwa hili ni jambo la anasa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepata kupimwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ni dawa isiyouzwa dukani. Ikiwa dawa ni bure na bado wagonjwa waikimbia, yatupasa tumtazame mgawaji kabla ya kumlaumu mgonjwa.

Mimi naona sababu ni tatu. Ya kwanza ni saa. Kiongozi huweka saa imfaayo yeye. Akisema saa kumi na mbili asubuhi, muuza mboga yuko sokoni tayari, na bawabu ndiyo kwanza avua koti lake. Ya pili ni faini. Vikundi vingi vimeiga desturi za vyama vya kuchangiana fedha: ukichelewa toa shilingi hamsini, usipokuja toa mia. Kwa mwenye mshahara, hamsini ni mzaha. Kwa kibarua ambaye leo hakupata kazi, hamsini ni unga wa jioni. Akikosa siku mbili deni limemkaa shingoni, na mtu mwenye deni hupita njia ya nyuma asikutane na wenziwe. Hivyo faini iliyowekwa imlete ndiyo iliyomfukuza. Ya tatu ni aibu. Mtu mnene, au mzee, au mama aliyejifungua juzi, huwekwa safu moja na vijana wa miaka ishirini, kisha akachekwa anapotweta. Harudi huyo, na ni haki yake.

Zote tatu hazihusiani na uvivu. Ni mambo ya adabu, na adabu ni jambo tulilolijua sisi kabla ya viatu vya mpira kufika.

Wakumbuke bibi zetu wa Mombasa na vyama vyao vya lelemama. Margaret Strobel aliviandika katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake wa Kiislamu wa Mombasa. Walikuwa na vyeo vyao, sare zao na mashindano yao, lakini pia walisaidiana katika arusi na matanga. Mwanachama alijua kuwa akifiwa, chama kitamjia mlangoni. Ngoma ilikuwa ndicho kisa cha kukutana, na kujuliana hali ndiko kulikowafunga pamoja. Yatufae vilevile kukumbuka upande wa pili: ushindani wa kutaka kuwapita wenzao kwa karamu na mavazi uligharimu fedha nyingi. Kikundi cha mazoezi kitakachoshindania fulana kitaingia shimo lilo hilo.

Pale pale Nairobi, katika mtaa wa Mathare, chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kwa jina la MYSA kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake hazikupata pointi kwa mabao peke yake, bali hata kwa kusafisha mitaro na kuzoa taka za mtaa. Ona hekima yake. Mama ambaye mlango wake umesafishwa na vijana hatataka timu hiyo ife. Nako Zanzibar, kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa matembezi na mazoezi ya pamoja. Wanachama wana siku wanayoingojea. Kikundi cha Kangemi chaweza kuwa na siku yake pia, hasa mwezi wa Januari, kwa sababu Desemba wakazi wengi husafiri kwenda kwao mashambani, na kikundi kisichopanga siku ya kurudiana hufia safarini.

Wengi wa watu wa Kangemi asili yao ni magharibi ya Kenya. Huko ndiko iliko ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Aliyepata kuwaona wakiicheza ajua kuwa hakuna kiungo kinachobaki kimelala. Basi kwa nini watu hao waamrishwe kwa filimbi, moja-mbili, moja-mbili, kama askari wapya? Ilete ngoma uwanjani, uone kama atabaki mtu nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa.

Ndugu zetu Waislamu walioko huko nao wana haja zao. Mabinti na mama zetu wapewe saa yao na kiongozi wao mwanamke, mahali penye stara, nao watajaa. Na Ramadhani isiwe mwezi wa kuvunja kikundi: punguza uzito wa mazoezi, sogeza saa iwe baada ya tarawehe au karibu na magharibi, tembeeni tu. Tumefundishwa tangu chuoni kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo. Wahenga nao wasema, papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kamba haikati kwa siku moja ya nguvu, hukata kwa kurudi pale pale.

Nasaha yangu kwa viongozi ni nyepesi na haina gharama. Wekeni saa mbili kwa siku, mtu achague. Futeni faini. Mpeni kila mwanachama kazi, huyu daftari la mahudhurio, yule maji, yule kumpokea mgeni, kwani mwenye kazi hujiona mwenyeji. Safu ya wazee iwe mbele, vijana wafuate mwendo wao. Na mtu asipoonekana mara mbili, asitangazwe kwenye kundi la simu mbele ya watu wote. Aende mwenziwe mmoja, abishe hodi, aseme: "Tumekukosa, ndugu yetu, u hali gani?"

Atakayebishiwa hodi hivyo huenda akakutwa mgonjwa, au hana kazi, au amefiwa. Hapo kikundi kitakuwa kimemfaa zaidi kuliko kwa mbio zote alizokwisha kukimbia, na akipona atarudi bila kuitwa. Lakini asipoulizwa na mtu, atakuwa amejua thamani yake kwao, na hakuna kiongozi atakayemrudisha kwa filimbi.