Tuandamane, ila "Mirembe" lisiwe tusi

Makamanda, Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mimi naunga mkono maandamano ya kupinga unyanyapaa. Ila tukibeba mabango ya "tuwapende wagonjwa" halafu tukarudi nyumbani, tumetembea bure.

Bango langu litakuwa na dai moja: kifungu cha 217 kifutwe! Kifungu hicho cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Yaani mtu kazidiwa, kaokolewa, anahitaji daktari, sheria inampeleka kwa polisi. Ndiyo maana familia zinaficha. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakiuka Katiba. Sisi tunasubiri nini?

La pili linatuhusu wenyewe. Waziri akiropoka tu, vijana wetu mtandaoni: "Chizi huyo, apelekwe Mirembe!" Jamani, Mirembe ni hospitali, iko pale Dodoma, watu wanatibiwa. Waziri hilo tusi halimgusi. Linamgusa kamanda mwenzako anayemeza dawa kimyakimya, anasoma ulichoandika, na kesho hatamwambia mtu kwamba anaumwa.

Waziri mbane kwa bajeti, kwa sera, kwa ahadi alizotoa. Hoja tunazo, tena nyingi. Ugonjwa wa mtu siyo hoja.

Tukutane barabarani. Na kabla ya hapo, kafute ile komenti.