Waliozitia Picha Namba

Mwaka 1975 vijana wawili wa Kiingereza, Dave Gibbons na Brian Bolland, walipata kazi ya kuchora hadithi za picha kwa ajili ya wasomaji wa nchi ya mbali. Gazeti liliitwa Powerman. Lilitungwa na kuchorwa Uingereza, likauzwa Nijeria, na shujaa wake alikuwa Mwafrika mwenye nguvu zipitazo za binadamu. Wachoraji hao walipokezana kalamu, huyu toleo hili na yule toleo lifuatalo. Hapana ubaya katika hayo. Kijana atafutaye riziki huchora aambiwacho. Lakini kazi ile ilikuwa na sharti ambalo halijanitoka kichwani tangu nilipopata habari zake. Picha zilitakiwa zipangwe kwa njia iliyo nyepesi kabisa, na kila moja itiwe namba: moja, mbili, tatu, hata mwisho wa ukurasa. Sababu yake ni kwamba msomaji wa Kiafrika alidhaniwa hajazoea mambo haya, na pasipo namba hangejua picha ipi yatangulia na ipi yafuata.

Ndugu msomaji, ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, na hasira yangu haikwenda London. Ilirudi hapa hapa nyumbani, ikaingia katika idara zetu za Kiswahili na kukaa kitini.

Nasema hivi kwa sababu. Mwenye kutia namba alisema: Mwafrika hawezi kusoma picha. Msomi wetu asema: asomaye picha hawezi kusoma maneno. Zipime kauli hizi mbili, utaona kuwa ni watoto wa baba mmoja. Zote mbili zamtazama msomaji na kumwona mtoto wa kushikwa mkono. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza hakupata kukaa na msomaji wake, na kwa hiyo ana udhuru wa ugeni. Huyu wa pili amezaliwa naye nyumba moja.

Tuanze na wa kwanza, maana jibu lake ni fupi. Imani yake haikutoka hewani. Mwaka 1960 mtaalamu William Hudson alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya Afrika ya Kusini kwa wafanyakazi wa migodini na watoto wa shule. Aliwaonyesha picha ya mwindaji mwenye mkuki, na paa, na tembo mdogo aliyechorwa kana kwamba yuko mbali kilimani, akawauliza: mwindaji amlenga yupi? Aliyejibu kuwa tembo alihesabiwa haoni umbali katika picha. Wataalamu waliokuja baadaye waliihoji sana picha ile na swali lile, lakini dhana ilikwisha toka mlangoni, na dhana ikitoka haiitwi ikarudi.

Basi na tutazame Usukumani. Mwaka 1953, miaka 7 kabla ya Hudson, Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha London kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, ambao Wasukuma huwaita Bayeye. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama chao: nyoka, watu, na viumbe wa hadithi za chama. Aliyeingizwa chamani alifundishwa mbele ya kuta zile. Mwalimu wake alikuwa na sauti, na mwanafunzi alikuwa na jicho, na baina ya sauti na jicho hadithi ikapita. Huyo ndiye ambaye baadaye aliambiwa kwamba hajui picha ipi yatangulia!

Nina neno moja zaidi kwa wenye namba, kisha niwaache. Dave Gibbons yule yule, mwaka 1986 na 1987, alichora Watchmen, hadithi iliyoandikwa na Alan Moore. Kurasa zake nyingi amezigawa katika visanduku tisa vilivyo sawasawa, vitatu kwa vitatu, kama madirisha ya ghorofa. Wahakiki wa Ulaya na Marekani wameusifu mpango huo kuwa ufundi mkubwa, na mwaka 2014 mchoraji huyo aliteuliwa kuwa wa kwanza kushika cheo cha heshima cha mchoraji wa hadithi za picha nchini Uingereza. Simwonei kijicho, mkono wake wastahili. Ila natazama mizani. Mpango mnyofu ukipelekwa Nijeria huwa ni huruma kwa wasiojua; ukibaki kwao huwa ni sanaa.

Sasa nije kwa wa pili, ambaye ndiye niliyemfuata.

Gazeti la Sani lilianzishwa katika miaka ya 1970, na jina lake ni vipande vya majina mawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Ndani yake wakaishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Dokta Love Pimbi na wenzao. Mchoraji aliyewapa wengi wao sura tunazozikumbuka, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 angali kijana. Kabla ya Sani tulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na majirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu kwa miongo mingi. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya kitu kilichookotwa jana.

Bariadi ya utoto wangu ilikuwa wilaya ya Shinyanga; Simiyu haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Magazeti yalitujia kwa basi kutoka Mwanza, na toleo la Sani likifika lilikuwa limekwisha kuwa zee, ingawa uzee wa gazeti ni wa huko litokako. Kwa kinyozi mmoja pale sokoni nakala moja ilisomwa na watu ishirini kabla jalada halijang'oka. Walikuwapo wakulima waliokuja kufuatilia malipo ya pamba, na wachuuzi wa mchele, na sisi watoto tuliokuwa tumetumwa chumvi tukasahau kurudi. Ajuaye herufi alisoma kwa sauti, akageuza kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Jambo nililoliona hapo ni hili: wazee wasiojua herufi hata moja mara nyingi walimtangulia msomaji. Walitazama jicho la Ndumilakuwili, na bega lake lilivyoinama, wakasema, "Huyo anadanganya," kabla ya neno la kiputo kutamkwa. Neno likija, lilikuja kama shahidi wa pili.

Wala hawakuishia kucheka. Walibishana. Mbona Ndumilakuwili haadhibiwi? Toleo hili ameumbuka, toleo lijalo yupo tena, suruali imenyooka. Wapo waliosema mchoraji amekosa, maana mwovu lazima aonekane ameanguka asiinuke. Wapo waliosema mchoraji ndiye mkweli, na wakataja, kwa sauti ya chini, wakubwa fulani wa chama cha ushirika ambao nao walianguka kila mwaka na kuinuka kila mwaka. Ubishi huo ukiuvalisha joho ndio tuuitao leo nadharia ya upokezi, na twawatoza watoto wa watu ada ili tuwafundishe.

Nilipopendekeza, katika kikao cha idara moja ambayo siitaji, kwamba katuni za Kiswahili ziwe na kozi yake, nilijibiwa na mwenzangu mmoja kwamba mtu husoma katuni kwa kuwa kitabu kimemshinda. Watu wakacheka kwa adabu, tukaendelea na ajenda ya mitihani.

Basi namjibu hapa, ambapo hapana ajenda. Tuseme katika kisanduku cha kwanza Lodi Lofa ameketi hotelini, kavaa tai, anaagiza kuku na bia kwa meza nzima. Katika kisanduku cha pili amekunja mikono ya shati, anaosha sahani jikoni, na tai imelowa. Yaliyotukia baina ya picha hizi mbili hayakuandikwa na mtu. Bili ilikuja, mifuko ikapekuliwa, marafiki wakaaga mmoja mmoja, mwenye hoteli akaita. Hayo yote ameyaandika msomaji, katika ule mstari mweupe usiozidi upana wa kiberiti. Mwandishi wa riwaya angetumia kurasa tatu kutusaidia. Mchoraji hakutusaidia kitu, na bado tulifika. Huyu ndiye msomaji ambaye kitabu kimemshinda?

Wapo wanaosema kwamba katuni zaharibu Kiswahili. Neno hili lina nguvu mijini, ambako mtoto amezaliwa ndani ya Kiswahili na ana cha kuharibiwa. Likilete Bariadi lichunguzwe. Mtoto wa huku nyumbani husema Kisukuma. Kiswahili hukikuta darasani, kimevaa viatu: ngeli, methali, barua ya kuomba kazi. Nilijifunza shuleni kwamba kitenzi hukubaliana na nomino yake, nami nashukuru. Lakini jinsi mdeni anavyomlainisha mdai, jinsi mke anavyosema "haya" na maana yake ni "hapana", jinsi konda anavyomkatiza mzee maneno asionekane kumtukana, hayo niliyapata katika viputo, kwa sababu huko neno huonekana pamoja na uso wa msemaji. Mwalimu wetu mmoja alizikusanya nakala zetu akazitia moto nyuma ya jiko la shule, na jioni ile akatufundisha mazungumzo kutoka katika kitabu ambamo watu wawili waliulizana habari za afya kwa ukurasa mzima na hapana aliyekuwa na neno la kusema.

Na historia ya fasihi yetu yapasa ituonye. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, hadithi za upelelezi zilikuwa kitu cha kusomea kitandani na kuficha chini ya mto. Leo hapana mwenye kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili athubutuye kuiruka. Tulizidharau, tukachelewa, kisha tukazibatiza jina la fasihi pendwa na kupandishwa vyeo kwa kuziandikia makala. Sioni kwa nini tuhitaji kuchelewa mara mbili.

Sisemi kwamba Sani ilikuwa msahafu. Wanawake wake walichorwa kana kwamba wametengenezwa kwa makalio tu, na ukitafuta mwanamke mwenye shauri la maana utafunua kurasa nyingi. Katika katuni zetu kwa jumla mtu wa bara afikaye Dar es Salaam mara nyingi ni mshamba wa kuibiwa sanduku stendi, na sisi wa Usukumani, ambao ulimi wetu huchanganya herufi ya "r" na ya "l", tumekwisha chekwa vya kutosha kwa vizazi viwili. Mambo haya yataka mhakiki wa kuyashika na kuyasema kwa ukali. Atayasemaje ikiwa kwanza ameapa kwamba hayasomi? Adharauye hakosoi, hupita tu njia ya pili ya barabara. Pale kwa kinyozi walikosoa: nilipata kumsikia mkulima mmoja akisema mchoraji huyu hajapata kumwona Msukuma akihesabu fedha zake, maana Msukuma huhesabu mara tatu na mwizi huchoka akaenda zake.

Huku kwetu hukumu ya sanaa ina desturi yake. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikikutana kushindana, vyacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na umati ndio mwamuzi. Watu huhama. Anayezungukwa na wengi ameshinda, na ndiyo maana manju hutafuta mbinu mpya kila mwaka. Mwenzangu wa kikao kile atasema kwamba umati si hoja, na kwamba manju huvuta watu kwa dawa. Naam, dawa zipo. Lakini umati uliovutwa kwa dawa hutawanyika dawa ikiisha nguvu, na wasomaji wa Sani walirudi mwaka hata mwaka, hata Ndunguru alipokuwa kaburini na kalamu yake kushikwa na wengine.

Ninalolitaka halihitaji bajeti kubwa. Katika maktaba ya chuo nifundishapo sikukuta nakala hata moja ya Sani, ingawa kuna rafu tatu za majarida ya isimu kutoka Ulaya ambayo kurasa zake hazijapata kukatwa. Karatasi za miaka ile ni duni, zapiga rangi ya chai na kuvunjika zikikunjwa. Nyingi zilikwisha fungia karanga na maandazi katika masoko ya Bariadi na Maswa. Baada ya miaka kumi, atakayetaka kujua Watanzania walicheka nini wakati sukari ilipokosekana madukani atapaswa kuwauliza wazee, na wazee nao hawangoji.

Kwa hiyo mwaka huu niliwaagiza wanafunzi wangu, kila aendaye likizo, apekue masanduku ya nyumbani. Wameleta nakala 17. Tano hazina jalada, moja imeliwa na mchwa mpaka katikati, na moja, iliyotoka Maswa, ina mwandiko wa kalamu ya wino pembezoni mwa kisanduku ambamo Lodi Lofa anaahidi kulipa kesho: "Mwongo. Namjua." Nimezitia zote katika bahasha, na bahasha nimeziweka chini ya meza yangu, maana ombi la kabati nililipeleka mwezi wa tatu na mpaka naandika haya halijajibiwa.