Watoto machotara: leta ilituma, masista walilea, sasa nani analipa?

Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba leta ya Ubelgiji ilitenda kosa la jinai dhidi ya ubinadamu ilipowanyang'anya wamama wa Kongo watoto wao machotara, wale walioitwa mulatri. Wamama watano waliofungua kesi, ambao walichukuliwa wakiwa watoto, walipewa euro 50.000 kila mmoja. Miezi miwili na nusu baadaye M23 iliingia Bukavu, na hapa mjini watu wakawa na mengine ya kuwaza. Lakini hukumu ile inagusa Kivu pia.

Watano hao walichukuliwa kati ya 1948 na 1953, wote wakiwa chini ya miaka saba, wakapelekwa kwa masista wa misioni ya Katende, Kasai. Baba mzungu, mama mweusi, ndoa hakuna. Kwa wakoloni, mama wa namna hiyo hakuwa na neno juu ya mtoto wake. Sheria ilikuwa tayari zamani: dekreti ya 1890 iliipa leta ulezi wa watoto yatima na walioachwa, na ile ya 1892 ikaruhusu misioni kuwapokea. Ilitosha kumwandika mtoto kuwa "ameachwa", hata kama mama yake alikuwa amesimama mlangoni akilia.

Upande wa Kivu, jina linalokumbukwa ni Save. Si mbali na Bukavu, iliyoitwa Costermansville wakati ule: unavuka Rusizi, unapita msitu wa Nyungwe, unafika karibu na Butare. Pale, masista weupe walilea machotara wa Rwanda, Burundi na Kivu. Uhuru ulipokaribia, watoto karibu 300 wa Save walipelekwa Ubelgiji na kugawanywa kwa familia za kule. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, na wengi walikua bila kujua jina la mama yao.

Sasa nani anajibu? Kesi ya Brussels ilikuwa juu ya leta peke yake. Kanisa halikuwa kizimbani, ingawa tangu mapatano ya 1906 kati ya Leopold II na Vatikano misioni zilipata ardhi na msaada kwa kazi ya shule. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, waziri mkuu Charles Michel akafuata mwaka 2019. Misamaha hiyo miwili haikuja na franka hata moja. Pesa zilitoka pale tu hakimu alipoamuru, tena kwa watu watano.

Ireland ilijaribu njia nyingine. Kule, wasichana waliozaa bila ndoa walifichwa katika nyumba zilizoendeshwa zaidi na masista, mamlaka za serikali zikilipia matunzo. Ripoti ya Januari 2021 ilihesabu watoto 9.000 hivi waliofariki katika nyumba 18 zilizochunguzwa. Serikali iliomba msamaha na kuweka mpango wa euro milioni 800, ikayaomba mashirika ya dini yachangie. Masista wa Bon Secours, waliosimamia nyumba ya Tuam, walikubali kutoa euro milioni 12,97. Mengi hayakutoa kitu. Mlipa kodi ndiye anabeba mzigo, na hata hivyo mtoto aliyekaa chini ya miezi sita hapati chochote. Mpango huo una kasoro, lakini haukumlazimisha kila mmoja kwenda mahakamani na avoka wake.

Bukavu inajua vizuri maana ya leta kuwaachia watu wa dini kazi yake. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Mukwege mwaka 1999, ni ya Wapentekoste wa CEPAC, na ndiyo imepokea maelfu ya wanawake waliobakwa, wengine wakiwa na mimba. Sheria ya familia, kifungu cha 591, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, azaliwe ndani au nje ya ndoa. Sheria ya Desemba 2022 juu ya fidia kwa wahanga ilifungua njia ya FONAREV, mfuko unaopata sehemu ya malipo ya madini. Lakini tangu Februari 2025 mji hauko mikononi mwa Kinshasa, na mama mwenye mtoto mgongoni hana wa kumdai.

Siku pesa hizo zitakapofika kwenye nyumba za parokia na makanisa, jambo la kwanza la kudai ni daftari: nani aliingia, mtoto alienda wapi, mama alitia sahihi au la. Machotara wa Save wanaotafuta wazazi wao leo wanategemea karatasi za zamani zilizobaki Ubelgiji, na kila mwaka wamama waliobaki Kivu wanapungua. Katika kesi ya Brussels, mabinti ndio walisimama mbele ya hakimu. Mama zao hawakuwamo.