CHOO CHA SOKO SI DUKA LA HALMASHAURI

Mficha uchi hazai. Jambo tunalotaka kulisema leo si la kupendeza kutajwa mbele ya wageni, na pengine ndiyo sababu halisikiki sana katika vikao vya madiwani wetu. Tunataka kusema habari za vyoo vya watu wote: vyoo vya sokoni, vya stendi za mabasi, vya minadani na vya machimboni, katika Mkoa wa Shinyanga na katika nchi yote ya dhahabu hadi Geita.

Nchi hiyo haikunyimwa mali. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa mjini Geita, la kwanza la namna yake katika Tanzania. Na nje ya kuta za migodi mikubwa, huko Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa, Kakola na Mwakitolyo, wachimbaji wadogo wanahangaika na ardhi usiku na mchana. Penye dhahabu watu hufika upesi kuliko mji unavyoweza kujengwa. Leo ni pori. Kesho kuna maduara na makarasha. Keshokutwa kuna mama lishe, vilabu vya pombe na vibanda vya kulala. Kinachosahauliwa ni choo.

Wala haiwezekani kusema kwamba halmashauri hazina pa kupata fedha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilizipa uwezo wa kutoza ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulitozwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi bilioni 1 ya dhahabu iliyouzwa, shilingi milioni 3 zilikuwa za halmashauri. Mikataba ya kale ya migodi mikubwa iliufunga ushuru huo katika dola 200,000 kwa mwaka, na wananchi walilalamika kwa haki mpaka kifungo hicho kikafunguliwa. Kisha mwaka 2017 Sheria ya Madini ilirekebishwa, na kila mwenye leseni akatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali alipo. Tulishangilia mageuzi hayo, na hatujutii kushangilia. Lakini ushuru ule unaitwa ushuru wa huduma. Jina lenyewe latuambia fedha zile zimetozwa kwa ajili ya nini.

Sasa tuangalie desturi iliyoenea katika miji yetu mingi. Choo hujengwa, mara nyingi kwa fedha za mradi. Mgeni wa heshima hukata utepe. Baada ya hapo choo hupangishwa kwa mzabuni, na anayepewa ni yule aliyeahidi kuiletea halmashauri fedha nyingi zaidi. Mzabuni naye si mtu wa sadaka. Hana budi kurudisha alichotoa na kupata faida juu yake. Kwa hiyo huweka mtu mlangoni wa kupokea shilingi 200 au 300, hubana maji, hubana sabuni, humlipa mfagiaji ujira mdogo, na hufunga mlango jua linapotua. Katika hesabu za halmashauri choo hicho huandikwa upande wa mapato, pamoja na vibanda na maegesho. Kimekuwa duka.

Tufanye hesabu ndogo. Mama anayeuza mchele au nyanya sokoni huingia chooni angalau mara 3 kwa siku. Kwa shilingi 300 kila mara, hiyo ni shilingi 900. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 23,400 kwa mwezi, mbali na ushuru wa soko alioutoa asubuhi. Wanawake wengi hukwepa gharama hiyo kwa kujinyima maji tangu alfajiri mpaka jioni, na waganga wanatueleza kwamba kujizuia hivyo huleta maradhi ya njia ya mkojo. Wanaume nao huzunguka nyuma ya ukuta. Mvua inyeshapo, kilichoachwa nyuma ya ukuta hurudi sokoni kwa njia ya mfereji, kikapita chini ya meza za mboga.

Wako watakaotujibu kwamba choo cha bure huharibiwa na watu wasio na adabu. Sisi twasema kinachoharibika upesi ni kile kisicho na mwangalizi, kiwe cha bure au cha kulipia. Wengine watauliza mfagiaji atalipwa na nini. Jibu ni jepesi: alipwe kutoka katika ushuru wa soko na wa stendi ambao wananchi wamekwisha kuutoa. Mwenye soko hamuuzii mfanyabiashara kivuli cha paa, kwa kuwa paa limo ndani ya ushuru. Na choo kiwemo humo humo.

Historia ya nchi yetu imekwisha kutufundisha somo hili kwa uchungu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na utawala wa mikoa. Shabaha ilikuwa njema, lakini mitaro, majalala na vyoo vya mijini vilikosa mwenyewe. Huduma zikadhoofika, kipindupindu kikaishambulia nchi katika miaka ya 1977 na 1978, na mwaka huo wa 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa. Tujue basi kwamba usafi wa mji ni moja ya sababu kubwa za halmashauri kuwapo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo imeziwekea mamlaka hizo jukumu la usafi katika maeneo yao.

Tena tunalo somo la fahari. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachukua majembe na kuchimba vyoo. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo sasa. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulikuwa haujafunguliwa. Hata hivyo maelfu kwa maelfu ya vyoo vilichimbwa, kwa sababu viongozi waliamini kwamba jambo hilo ni kazi ya siasa, wala si la Bwana Afya peke yake. Na tukirudi nyuma zaidi, tuliosoma Torati twakumbuka kwamba wana wa Israeli waliokuwa kambini waliagizwa wawe na mahali pa kwendea haja nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia. Wachimbaji wetu wanavyo vifaa bora kuliko vile, na wanafika chini mno katika mwamba. Ni aibu kwamba kambi zao hazina shimo lile moja ambalo afya ya wote inalitegemea.

Adui tunayemsema hajaondoka. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima, na mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 mikoa ya Kanda ya Ziwa ilipigwa tena. Kichocho nacho ni mkaazi wa zamani wa nchi hizi za jirani na ziwa.

Tunafahamu kwamba kujenga choo Shinyanga si sawa na kujenga kwingine. Udongo wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Shimo lisilojengewa ukuta huporomoka. Kujenga imara kunataka fedha zaidi, na kunyonya shimo likijaa kunataka gari na mafuta. Lakini maji, ambayo zamani yalikuwa udhuru mkubwa, sasa yamefika: tangu mwaka 2009 bomba kuu kutoka Ihelele linaleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Kahama na Shinyanga. Choo kikavu kando ya bomba hilo ni ushahidi wa uongozi uliosinzia.

Basi tunayo mashauri manne. Kwanza, kila halmashauri itenge katika bajeti yake fungu la kuendesha vyoo, yaani maji, sabuni, ujira wa mfagiaji na unyonyaji wa mashimo, na fungu hilo lisiguswe kwa safari wala posho. Pili, zabuni igeuzwe: halmashauri imlipe mwangalizi kwa usafi wake, na Bwana Afya ampime kila wiki, badala ya mwangalizi kuilipa halmashauri kwa jasho la mama lishe. Mwenye stakabadhi ya ushuru wa siku ile, mtoto, mzee na mlemavu waingie bila kulipa. Tatu, mwenye duara au karasha asiruhusiwe kuanza kazi kabla ya choo cha wanaume na cha wanawake kusimama, na mipango ya wajibu wa makampuni kwa jamii iweke vyoo vya machimbo na masoko mbele ya mapambo ya mji. Nne, hesabu za kila choo zibandikwe mlangoni mwake, ili anayeingia ajue fedha zake zimekwenda wapi.

Tunayasema haya tukijua kwamba Chama chetu ndicho chenye wingi wa viti katika mabaraza hayo. Hatuna mtu mwingine wa kumsingizia. Mwananchi aliyekuta mlango umefungwa kwa kufuli hasemi kwamba halmashauri imemtupa. Husema Chama kimemtupa, naye ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa Chama ndicho kilichomwomba kura. TANU ilipowataja maadui wa taifa, ujinga, maradhi na umaskini, haikusema maradhi yapigwe vita kwa wale tu wenye shilingi 300 mkononi.

Ndugu madiwani wa Shinyanga, Kahama, Msalala na Geita, mwaka wa fedha huanza mwezi Julai, na makisio hupita mikononi mwenu kabla yake. Kabla hamjainua mikono kuyapitisha, mwulizeni Mkurugenzi swali moja: choo cha soko letu kimeandikwa upande gani wa daftari, wa mapato au wa huduma? Mkikikuta upande wa mapato, rudisheni makisio hayo yakaandikwe upya.