Tutembee Pamoja: Kitunga cha koko katika soko la Nyabiondo



Mwezi huu tunaenda sokoni. Pengine mtu atacheka: "Soko? Si tunaenda kila juma!" Ni kweli. Lakini tunaenda mbio mbio, tunanunua chumvi na sabuni, tunarudi. Leo twende polepole, tufungue macho.

Soko letu ni lile la Nyabiondo, katika barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale. Tulifika hapo na vijana watano wa kanisa, siku ambayo njia ilikuwa tulivu. Hapo mlima na pori vinakutana. Watu wa mlimani wanaleta viazi, vile tunaviita birayi, pamoja na maharagi, mashu na vitunguu. Watu wa upande wa Walikale wanaleta mafuta ya ngazi, mihogo, mchele, ndizi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Mwenye maharagi hana mafuta, na mwenye mafuta hana maharagi. Sufuria moja ya jioni inawahitaji wote wawili.

Kwenye meza moja tuliona jibini ya Masisi, ile ya mviringo yenye ngozi ya njano, ambayo wengi wanaiita fromaje. Kazi hii ilifundishwa na wamisionari kutoka Ubelgiji. Siku hizi ni wenyeji wenyewe wanaokama ng'ombe, wanaogandisha maziwa na kuyakamua ndani ya viunzi. Wale wamisionari walienda zao, lakini ujuzi ulibaki mlimani.

Mbele kidogo, kijana mmoja alikuwa akipigilia mpira wa gari kuukuu kwenye gurudumu la chukudu. Unajua chukudu: baiskeli yetu ya mbao, bila kiti na bila mnyororo. Inachongwa kwa mti mgumu kama mkaratusi, na breki yake ni kipande cha mpira unachokanyaga kwa mguu. Inashuka mlima na magunia kadhaa. Mjini Goma chukudu imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini ni vijana wangapi wa kwetu wanaojua kuichonga?

Tulimkuta koko mmoja kando ya njia, amekaa chini, vitunga vyake vimepangwa mbele. Vilikuwa vya mianzi na kamba za pori, vile ambavyo mama zetu wanabeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Msichana mmoja wa kikundi chetu aliinama:

"Jambo, koko. Hiki kitunga ni bei gani?"

Koko akataja bei. Msichana akaguna. "Koko, punguza kidogo! Beseni ya plastiki iko chini ya hapo."

"Mutoto wangu," koko akajibu, "beseni ikipasuka utaitupa. Hiki kikipasuka utaniletea, nitakitengeneza. Na ukikaa hapa, nitakuonyesha ukitengeneze mwenyewe."

Kijana mwingine, ambaye amewahi kufanya kazi kwenye mashimo ya koltani, akaingilia: "Lakini koko, kwa shimo mutu anaweza kupata kwa siku moja pesa ya vitunga yako yote."

Koko hakukasirika. Alivuta kamba, akaikaza, akasema: "Ni kweli. Na siku ingine?"

Kisha akatueleza habari yake. Mara mbili vita vilimfukuza kwake. Mara ya kwanza aliacha shamba la maharagi likiwa karibu kuvunwa. Mara ya pili aliacha hata sufuria. "Shamba hulibebi kichwani," alisema. "Nyumba hauibebi. Nilifika kwa watu na hii mikono tu. Juma lililofuata nilikuwa naufunga mwanzi. Watoto walikula."

Vijana wetu walinyamaza. Ndugu msomaji, nami nilinyamaza.

Tuangalie jibu lile la koko, "Na siku ingine?", kwa mambo tunayoyajua wote. Kasiterite ya Bisie, huko Walikale, ilianza kuchimbwa mwaka 2002. Kutoka Ndjingala kufika shimoni ilikuwa karibu siku mbili kwa mguu ndani ya pori. Unga, maharagi na mafuta vilipanda juu ya migongo ya watu, na bei ilipanda pamoja nao. Ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo, kuchukua madini kwenda Goma. Pesa ilikuwa nyingi, lakini sehemu kubwa iliishia kwenye chakula ambacho wengine walilima.

Halafu, mwezi wa 9 mwaka 2010, serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ilifungua tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Hiyo ni miezi sita! Wengi waliokuwa wameacha shamba na ufundi walibaki mikono mitupu, na karo za watoto hazikulipwa. Na mwaka 2019 kampuni kubwa ilianza kutoa madini ya Bisie kwa mashine. Shimo ni la leo kwako. Kesho linaweza kuwa la mwingine.

Hatusemi hivi kwa kuwadharau wachimbaji. Wengi ni baba zetu na kaka zetu, na wanachimba kwa jasho na kwa hatari ya udongo kuporomoka. Tunasema tu kwamba mtu asiwe na njia moja. Na katika nchi yetu, ambako watu wa Masisi na Walikale wamekimbia mara nyingi, njia ya pili lazima iwe ile isiyoachwa nyuma.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinatuonyesha watu wa namna hiyo. Akila na Prisila, mke wake, walifukuzwa Roma kwa amri ya mfalme. Walikuwa wakimbizi kama sisi. Walipofika Korinto hawakuwa na nyumba yao ya zamani, lakini kazi ya kushona hema waliijua. Mtume Paulo naye alijua kazi ile ile; akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Kanisa la Korinto lilipata msaada mkubwa katika nyumba ya wakimbizi wenye ufundi.

Basi, wazazi, msingoje koko afariki ndipo mseme "alijua kusuka." Mpelekeeni mtoto leo. Na wewe kijana, usione haya kukaa chini karibu na mzee. Chagua kazi moja tu: kusuka, kuchonga, kufua jembe, kushona, kutengeneza jibini. Kama unachimba, tenga siku ya kujifunza. Na sisi wanunuzi tusimwonee fundi. Kabla ya kuomba apunguze, tumuulize kwanza: "Hii ilikuchukua siku ngapi?"

Mnataka kujua yule msichana alifanya nini? Alinunua kitunga, kwa bei ya koko. Halafu akakaa chini. Tulizunguka soko lote, tukarudi, tukamkuta bado anapambana na mwanzi, vidole vimekatika kidogo, na koko anacheka. Msingi wa kitunga chake ulikuwa umepinda upande mmoja. Koko akaufungua wote. "Anza tena," akamwambia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika jamaa yetu, nani anajua ufundi ambao watoto hawajajifunza?

2. Kama leo tungeacha nyumba na shamba, mikono yetu ingeweza kutulisha kwa kazi gani?

3. Pesa ya shimoni ikifika nyumbani, sehemu gani inanunua kitu cha kufanyia kazi, kama jembe, msumeno au sindano?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tuonane mwezi ujao.