UCHAMBUZI: Gari kuukuu liachwe lini? Kuingia kuna sheria, kutoka hakuna

NI jambo la kawaida asubuhi katika barabara ya Waiyaki Way, kuanzia Uthiru hadi Westlands, kuona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifuka kutoka kwenye rejeta, huku mwenyewe akimpigia simu fundi wake wa Kangemi au Kawangware. Kwa abiria wa matatu wanaopita, hilo ni tukio la dakika mbili. Kwa mwenye gari ni swali zito la fedha: je, alitengeneze tena, au wakati wa kuachana nalo umewadia?

Swali hilo linawahusu wakazi wengi wa jiji la Nairobi. Magari yenye usajili wa herufi KA, uliozinduliwa mwaka 1989, na yale ya KB yaliyoanza kutokea mwaka 2007, yangali yanaonekana barabarani. Isitoshe, herufi hizo hazisemi ukweli wote. Huonyesha mwaka ambao gari lilisajiliwa nchini, wala si mwaka lilipoundwa. Gari la KBA lililoingia mwaka 2007 likiwa na umri wa miaka saba liliundwa mwaka 2000, na hivyo limeshapita robo karne.

Serikali imeshughulikia umri wa magari kwa upande mmoja tu. Kwa mujibu wa kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Kuanzia Januari 2025, kwa mfano, gari ambalo lilisajiliwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2018 lilizuiwa. Hata hivyo, likishavuka bandari ya Mombasa, hakuna sheria inayolipangia gari la kibinafsi umri wa kustaafu. Linaweza kukaa barabarani hadi mwenyewe achoke.

Majirani wamefuata njia tofauti. Uganda, kupitia marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku uagizaji wa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuyafungia mlango magari makuukuu, bali huyatoza ushuru wa ziada. Kote huko, macho ya serikali yako mpakani. Anayebaki na mzigo wa kuamua mwisho wa gari ni mwananchi, tena mara nyingi huamua wakati mbaya zaidi, yaani siku ambayo injini imekataa kuwaka.

Uamuzi huo umefanywa mgumu zaidi na ushuru. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha kwa magari kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwa gari dogo lenye injini isiyozidi sisi 1,500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, na juu ya hayo yote huja ushuru wa thamani ya ziada (VAT) wa asilimia 16. Viwango hivi havikokotolewi kando kando, bali kila kimoja hupandishwa mgongoni mwa kingine. Kwa kila Sh100 za thamani ya gari, forodha huchukua Sh35. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwa Sh135 na kuchukua Sh27. Kisha VAT hutozwa kwa Sh162 na kuchukua karibu Sh26. Jumla ni takriban Sh88 kwa kila Sh100, kabla ya ada ya uagizaji na ile ya ujenzi wa reli.

Si ajabu basi kwamba mwenye Corolla au Nissan ya zamani huona afadhali kumlipa fundi kuliko kwenda kwenye vituo vya kuuzia magari vya Ngong Road. Kadiri bei ya gari la kuchukua nafasi inavyopanda, ndivyo muda wa kulihifadhi gari kuukuu unavyorefuka. Huo si ubahili wala ushamba, bali ni hesabu.

Tatizo ni kwamba wengi huifanya hesabu hiyo kwa njia isiyofaa. Kosa la kwanza ni kuangalia nyuma. Utasikia mtu akisema kwamba hawezi kuliuza gari kwa kuwa majuzi tu amelibadilishia giaboksi. Fedha hizo zimekwisha kwenda na hazirudi, awe ataliuza au atabaki nalo. Kinachostahili kupimwa ni fedha zitakazotoka kesho.

Kosa la pili ni kulinganisha gharama ya tengenezo moja na bei nzima ya gari jingine. Mtu akiambiwa alipe Sh40,000 za injini, huziona kuwa kidogo mbele ya Sh900,000 za gari jipya kwake. Mlinganisho wa haki ni wa mwezi kwa mwezi.

Chukulia mfano wa mkazi wa Dagoretti mwenye gari linaloweza kuuzwa Sh300,000, naye anataka jingine la Sh900,000. Atahitaji kukopa Sh600,000. Akizipata kwa chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayopungua kadiri deni linavyolipwa, atalipa takriban Sh15,800 kila mwezi kwa miezi 48. Bima kamili, tuseme kwa asilimia 4 ya thamani ya gari, itaongeza Sh3,000 kwa mwezi. Jumla ni karibu Sh18,800.

Sasa na akusanye risiti za miezi 12 za gari alilo nalo, aondoe gharama za kawaida kama kubadilisha oili, kisha agawanye kwa 12. Akipata Sh8,000, gari hilo bado linamfaa hata kama majirani wanalicheka. Akipata Sh15,000, yafaa aanze kujipanga, kwa kuwa mkopo huisha baada ya miaka minne ilhali matengenezo hayaishi. Akipita Sh19,000, amechelewa. Anagharimia gari jipya huku akiendesha kuukuu.

Katika hesabu hiyo aongeze pia zile siku ambazo gari lililala gereji na akalipa teksi, pamoja na mafuta. Mnamo Oktoba 2023, bei ya petroli Nairobi iliyotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilifika Sh217.36 kwa lita. Bei ikikaribia kiwango kama hicho, injini iliyochoka ni gharama inayojificha.

Kinachoyaweka magari haya hai ni uhodari wa mafundi na wingi wa vipuri. Katika barabara ya Kirinyaga katikati mwa jiji, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, karibu kila sehemu ya gari la Kijapani hupatikana, iwe mpya au iliyotolewa kwenye gari jingine. Lakini vipuri duni navyo vimo, na kifaa cha bei ya chini kinachobadilishwa mara tatu kwa mwaka kimeshinda kile halisi kwa gharama. Mwenye gari anayebadilisha kifaa kilekile kila mara hana budi kujiuliza kama gonjwa halisi limewahi kutibiwa. Moshi wa samawati kutoka kwenye ekzosi, kwa mfano, ni dalili kwamba injini inateketeza oili, na hautaondolewa kwa kubadilisha plagi.

Aidha, kuna mahali ambapo hesabu ya fedha hukoma. Kutu ikishakula sehemu zinazobeba uzito wa gari, usukani ukilegea baada ya kutengenezwa mara kwa mara, au breki zikikosa kuaminika kwenye mteremko, suala si la mfuko tena. Ni la uhai wa walio ndani na wanaovuka barabara.

Kampuni nyingi za bima nazo huwa zimeshafanya uamuzi wao mapema. Gari likishapita umri fulani, aghalabu miaka 12 au 15, hukataa kulipa bima kamili na kumwachia mwenyewe ile inayofidia watu wengine pekee. Kuanzia hapo, gari likiibwa au kugongwa na asiyejulikana, hasara yote ni yake.

Serikali nayo imekuwa ikilitazama gari kuukuu kama chanzo cha mapato. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000. Kwa gari la Sh120,000, kiwango hicho cha chini kingekuwa zaidi ya asilimia 4 ya thamani yake, ilhali gari la Sh10 milioni lingelipa asilimia 1 pekee. Pendekezo hilo liliondolewa, na mswada wote ukatupiliwa mbali na Rais William Ruto mnamo Juni 26, 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni.

Kinachokosekana hadi leo ni njia ya heshima ya kuliondoa gari barabarani. Hakuna mpango wa kumpa mwananchi nafuu ya ushuru akisalimisha gari bovu ili anunue lenye afadhali. Hata soko la vyuma chakavu si la kutegemewa sana: lilifungwa kwa agizo la Rais Uhuru Kenyatta mnamo Januari 2022 kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, likafunguliwa miezi michache baadaye. Matokeo ni kwamba gari lililomshinda mwenyewe Lavington huuzwa kwa mwingine Kangemi, kisha kwa wa tatu mashambani, kila mmoja akiwa na uwezo mdogo wa kulitunza kuliko aliyemtangulia. Hatari haiondoki barabarani. Hubadilisha mwenyewe tu.

Wakaguzi pekee hawawezi kuziba pengo hilo. Kumwambia mtu gari lake halifai, bila kumpa njia ya kupata jingine, ni kumsukuma atafute hongo au barabara za vichochoroni. Nafuu ya ushuru kwa anayesalimisha gari bovu ingeokoa fedha za familia na maisha ya watu kuliko kodi nyingine mpya.

Kabla ya hayo kutimia, mwenye gari hana budi kujiwekea mpaka mapema, gari likiwa bado linatembea na lina bei. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari linalovutwa kwa kamba hadi gereji halina mnunuzi wa maana.